Kisima Kilichochimbwa kwa Kiingereza

Nchi yangu ina sheria inayomtaka raia aombe kibali kabla ya kuitaja kwa jina. Mimi niliomba, nikajibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa, na sasa ni mwaka wa nne. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu. Wewe msomaji ukiifananisha na nchi nyingine unayoijua, hilo ni shauri lako na macho yako.

Katika nchi yetu wananchi wote huzungumza lugha moja, na serikali yao huwasikiliza kwa lugha nyingine. Sheria ya Heshima ya Ofisi inasema ombi lolote linalopelekwa serikalini sharti liandikwe kwa Kiingereza. Nyumba ikishika moto, mwenye nyumba hutafuta mtu wa kumwandikia barua, barua hugongwa mhuri, na zimamoto hufika kwa ving'ora kuja kulizima jivu. Hatukuona ubaya. Tuliambiwa Kiingereza ndiyo lugha ya maendeleo, nasi tulikuwa tayari kuungua kimaendeleo.

Mimi naitwa Malende Kisabo. Wakati wa mambo haya nilikuwa Mfasiri Daraja la Pili katika Wizara ya Maji na Majibu. Wizara ile ilikuwa na idara kumi na mbili za Majibu na idara moja ya Maji. Idara ya Maji ilikuwa na mtumishi mmoja, na kazi yake ilikuwa kusogeza ndoo pale dari lilipovuja.

Kwetu ni Lukame. Lukame kuna mto, ila mto wenyewe hauna maji. Kiangazi kikiingia wanawake huchimba mashimo mchangani, hukaa humo wamechuchumaa, na kukinga maji kwa kata hadi ndoo ijae. Ndoo moja huweza kula asubuhi nzima. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake, mama Nyanzala, pamoja na mwanawe Ngasa. Nilipofaulu shule ya kijiji watu walikaa kikao, kila nyumba ikatoa mbuzi, nikapelekwa mjini kusomea Kiingereza. Hawakunituma nikawe mkubwa. Walinituma nikajifunze kuandika barua moja tu.

"Ukishakijua hicho Kiingereza," mama aliniambia siku naondoka, "utuandikie ile ya kisima."

Nilikijua, nikaajiriwa, nikanunua viatu vya kung'aa, na ile barua nikaisahau kwa miaka kumi na miwili.

*

Siku moja mama alinifuata ofisini. Alikuwa amesafiri siku mbili, vumbi limemkaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Chukua kalamu."

"Niandike nini?"

"Tunataka kisima. Basi."

Nilicheka kidogo. Nikamweleza kwamba barua ya serikali haiandikwi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikaandika kurasa tatu. Nilizipamba kwa maneno yote niliyosomeshwa na mbuzi wao, nikaanza na salamu ambayo mwalimu wetu aliipenda kuliko zote: "I hope this letter finds you well." Yaani, natumaini barua hii itawakuta wazima. Nilimsomea mama kwa sauti, naye akasikiliza ameshika shavu, anatabasamu kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali.

"Na kisima umekitaja?" akauliza.

"Kipo ukurasa wa tatu."

"Kwa nini kimekaa mbali hivyo?"

Nilimwona hajasoma.

Hapa inanibidi nieleze jambo. Kiingereza kina neno "well". Well ni kisima. Lakini well pia ni vizuri, na ni mzima wa afya, na ni haya basi, na ni kumbe. Mwingereza akikosa la kusema husema well, na akilipata huanza kwa well. Idara yetu ya Kusoma iliona maana zote hizo ni ubadhirifu. Sisi tulikuwa Wizara ya Maji, kwa hiyo ikatoa waraka kwamba ndani ya jengo letu well itakuwa kisima, siku zote, hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Mfasiri haruhusiwi kushughulikia barua inayotoka kwao, hivyo barua ya Lukame ilikwenda Idara ya Kusoma. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, na mimi ndiye niliyemsomea mama, nyumbani kwangu, amekaa mkekani:

"Wizara imepokea barua yenu, ambamo mnatumaini kwamba itatukuta na kisima. Tunayo furaha kuwaarifu kwamba ilitukuta nacho. Kipo nyuma ya kantini na kinaendelea vizuri. Wizara inawashukuru wananchi wa Lukame kwa kuijali."

Mama aliichukua ile karatasi, akaikunja. Kisha akasema taratibu, "Andika tena. Safari hii andika nilivyokwambia."

*

Niliandika mstari mmoja: Lukame inahitaji kisima. Nikaupiga chapa vizuri, katikati ya karatasi safi, na kwa kuwa sasa niliogopa Idara ya Kusoma, nikaupeleka mwenyewe kwa Waziri.

Mheshimiwa Domisiani Bukuzi aliwahi kukaa ng'ambo miezi saba akisomea ukaushaji wa samaki. Alirudi na koti zito ambalo hakulivua hata jua liwake vipi, na tangu hapo alikohoa kwa Kiingereza. Sheria ya nchi yetu inatamka wazi kwamba Kiingereza cha Waziri hakikosei. Kikionekana kimekosea, aliyekisikia ndiye mkosaji.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Nilidhani anaiona Lukame.

"Nani kaipiga chapa barua hii?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Pambizo zimenyooka sana."

Akachukua kalamu yake ya wino wa kijani, akaandika pembeni, "Well done!", akatia sahihi. Yaani, hongera, kazi nzuri. Nilitoka ofisini mle nikitembea kwa vidole kwa furaha, na jalada likashuka Idara ya Utekelezaji.

Kesho yake niliitwa na mkurugenzi wa idara hiyo, Bwana Gwimile. Alikuwa na jalada wazi mezani na kidole chake juu ya wino wa kijani.

"Malende, wewe ni mfasiri. Soma nami. Well?"

"Kisima, Bwana Mkurugenzi, kwa mujibu wa waraka. Lakini..."

"Done?"

"Kimekwisha, kimekamilika. Lakini hapa..."

"Kisima kimekamilika!" Aliinuka, akazunguka meza, akanikumbatia. "Mwaka mzima idara yangu haijatekeleza kitu, na Mheshimiwa, kwa kalamu yake mwenyewe, ametutekelezea. Weka sahihi hapa, Mfasiri."

"Nadhani Mheshimiwa alikuwa ananipongeza," nikasema. "Kwa kupiga chapa."

Bwana Gwimile aliketi tena. Akashusha sauti, kama daktari anayemweleza mtu ugonjwa wake.

"Unataka kuniambia kwamba Mheshimiwa Waziri, akiwa ameshika ombi la watu wenye kiu, alisifu pambizo?"

Nilinyamaza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Au unataka kuniambia kwamba kisima hakijakamilika, na Mheshimiwa ameandika uongo?"

Nikaitazama kalamu aliyonisogezea.

"Kuna nafasi ya Daraja la Kwanza," akasema. "Inakuja na nyumba. Nyumba ina bomba ndani."

Nikatia sahihi. Mkono wangu haukutetemeka. Natamani ungetetemeka hata kidogo, leo ningekuwa na la kujitetea.

*

Mama alikuwa amesharudi kijijini habari ilipotangazwa redioni, kati ya matokeo ya mpira na salamu za wasikilizaji. Jioni ile ile alinipigia kwa simu ya mwenye duka.

"Mwanangu, tumesikia redioni tuna kisima."

"Ndiyo, mama."

"Watu wamefurahi sana. Sasa, kiko upande gani?"

Niliitazama simu. Nyuma ya mama nilisikia sauti za watu wamejaa dukani, wanasubiri nielekeze.

"Mama, mambo ya serikali huanza kwenye karatasi."

"Aa." Nikamsikia akiwageukia wenzake. "Anasema bado kiko kwenye karatasi. Tusubiri kishuke." Na watu wakasema sawa, hakuna neno, tumesubiri mengi.

Kilichoshuka kilikuwa waraka. Wizara ilitangaza kwamba, kwa kuwa sasa Lukame ina kisima cha taifa, mashimo yote ya mtoni ni haramu, maana yanakidhalilisha. Walipelekwa askari wanne kuyafukia. Walifanya kazi yao kwa bidii, na ilipofika mchana waliwaomba wanawake maji ya kunywa.

Sasa wanawake wakawa wanachimba alfajiri, kabla askari hawajaamka. Zamani shimo lilichimbwa kwa upana, kwa ngazi, ili mchanga usibomoke. Lakini shimo la kuibia huchimbwa jembamba na kwa haraka. Wiki ya tatu mchanga ulimporomokea Kabula, mke wa Ngasa, ukamzika hadi kifuani. Walimtoa akiwa hai. Kiuno kilikuwa kimevunjika. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kila walipomwinua kumpakia alipoteza fahamu, wakamrudisha kitandani.

Haya yote nilielezwa kwa simu. Nilisema pole. Nilisema nitaangalia la kufanya.

*

La kufanya lilijileta lenyewe. Nchi moja rafiki, iliyokuwa imesaidia wizara yetu kwa ajili ya visima, ilimtuma Bwana Whitcombe aje kukiona kile kilichokamilika. Bwana Gwimile alienda Lukame wiki moja kabla na mafundi watatu. Kwenye mwamba, mahali ambapo hata mwiba hauoti, wakajenga ukuta wa mviringo unaofika kiunoni, wakaupaka chokaa, wakauwekea paa dogo la bati, kamba na ndoo mpya. Chini ya ukuta hawakuchimba, kwa sababu mgeni angetazama juu juu tu.

Msafara ulikuwa wa magari kumi na moja. La mwisho lilikuwa gari la wagonjwa, jeupe, jipya, lina kitanda na muuguzi, kwa ajili ya Waziri endapo angepigwa na jua ndani ya koti lake. Mimi nilikaa gari la pili. Nilikuwa mkalimani wa siku.

Wananchi walipangwa foleni wakiwa na ndoo tupu. Mheshimiwa Bukuzi akahutubia.

"Wananchi wa Lukame! Wako wanaosema serikali haina maji. Nawauliza, tangu lini serikali ikawa mtungi? Sisi tunaleta maendeleo, maji yatafuata yenyewe kwa aibu! Kuanzia leo Lukame haina kiu. Na akitokea mtu akasema ana kiu, huyo mchunguzeni, ametumwa!"

Tulipiga makofi. Bwana Whitcombe, mrefu, amevaa kofia pana, akasogea kwenye ukuta akainama kutazama ndani. Ndani kulikuwa na jiwe, na juu ya jiwe mjusi. Alikaa ameinama hivyo kwa muda. Halafu akasema, polepole, "Well, well, well."

Yaani, kumbe! Karani wa Bwana Gwimile aliandika kwenye daftari lake: Mgeni amehesabu visima vitatu zaidi. Na hivyo ndivyo Lukame ilivyokuja kuwa na visima vinne katika takwimu za taifa, ikiongoza wilaya nzima.

Kisha ikafika zamu ya mwananchi kutoa shukrani. Watu wa Wizara walikuwa wamemchagua mama Nyanzala, kwa kuwa ni mama wa mkalimani, wakaamini hatawaangusha. Akasimama mbele ya mgeni, akafunga kanga yake vizuri, asinitazame mimi wala Waziri.

"Mgeni wetu, karibu," alisema. "Mimi sijui kusema mengi. Hiki si kisima, ni ukuta. Maji tunayachimba mchangani kwa kujificha kama wezi, na mchanga umemvunja mkwe wangu. Anaitwa Kabula. Yuko ndani, nyumba ile pale, siku ya kumi na moja leo, hawezi kugeuka. Kisima tunaweza kusubiri, tumezoea. Lakini nimeona mmekuja na gari la wagonjwa na ndani halina mtu. Naomba mtuchukulie huyu mtoto. Ni hilo tu."

Bwana Whitcombe akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, bibi anasema nini?

Nilimwona Waziri. Hakunikunjia uso wala kunitisha. Nataka nimtendee haki. Alikuwa anajifuta jasho tu. Nilimwona Bwana Gwimile, naye ananionyesha kwa kidole saa yake. Na nyuma ya vichwa vya watu niliiona nyumba ya Ngasa, mlango wake uko wazi.

Nikasema, "She says they are well."

Anasema hawajambo. Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kukumbuka kama nilisukumwa, au kama jua lilikuwa kali, na sikumbuki kitu cha namna hiyo. Neno lilitoka kwa wepesi, likiwa tayari limeiva.

Bwana Whitcombe alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu asiye mjinga. Akamtazama mama, akautazama ukuta, halafu akatazama saa yake, na nikaona jinsi uso wake ulivyojifunga taratibu kama duka wakati wa sala. Akatia daftari lake mfukoni akasema, "Let well alone." Kwao ni methali: jambo lililo salama lisichokolewe.

"Amesema nini?" Waziri aliuliza, ingawa alijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Amesema kisima kiachwe peke yake! Gwimile, wekeni uzio!"

Tukapanda magari. Gari la wagonjwa liliondoka mwisho, muuguzi amelala kwenye kile kitanda.

Kabla sijafunga mlango mama alinijia dirishani. Alikuwa bado hajaelewa, au alikuwa ananipa nafasi.

"Malende. Mimi nimesema maneno mengi, wewe umesema kidogo tu. Hicho Kiingereza ni kifupi hivyo?"

"Ndiyo, mama," nilimjibu. "Ni lugha fupi."

Akatikisa kichwa kukubali. "Na gari je, litarudi kumchukua?"

Dereva akaondoa gari.

*

Nilipewa Daraja la Kwanza. Nilipewa nyumba. Bomba lilikuwa jikoni, na kila nilipolifungua lilifanya sauti kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo, nikawa nalifunga upesi. Mwezi wa pili nikaanza kunawa ofisini.

Mwezi wa nne nilichukua likizo nikaenda Lukame. Ukuta wa chokaa ulikuwa umezungushiwa uzio wa waya, na mlinzi ameketi mlangoni na bunduki. Wizara ilimletea mlinzi yule maji kutoka mjini, madumu mawili kila wiki, ili asikose nguvu ya kukilinda kisima. Alikuwa mtu mwema. Nilisikia baadaye kwamba dumu moja alikuwa akiwapa wenye watoto wachanga.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilijitungia majibu. Lakini mama alinipokea mkoba, akanitandikia mkeka, akaniuliza habari za kazi na za safari. Ngasa alinipa mkono kisha akaenda kufunga ng'ombe. Baada ya muda mama akaja akasimama mbele yangu, ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyosimama mbele ya watu wasio wa nyumbani.

"Maji ya kuoga yako uani, mgeni."

Mgeni. Katika nyumba niliyolelewa.

Nilienda uani. Lilikuwa beseni zima, limejaa, na juu yake kipande cha sabuni kipya. Najua beseni kama lile ni kazi ya asubuhi mbili. Nilisimama pale nimevua shati. Sikuweza kuyagusa. Nikaamua kuyarudisha mtungini. Nikalibeba beseni nikiwa kifua wazi, nikapita katikati ya ua, na kwenye kizingiti nikajikwaa. Nusu ya maji ilimwagika. Kuku wakaja mbio kuchokoa tope.

Kabula alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, miguu ameinyoosha pembeni kama vitu vya mtu mwingine. Mfupa ulikuwa umejiunga wenyewe, vibaya. Aliyaona maji, akaniona mimi, akarudi kwenye mboga zake.

Nikapiga magoti kwenye lile tope. "Shemeji, siku ile nilifasiri vibaya. Nisamehe. Nilikosea."

Aliendelea kuchambua hadi akamaliza fungu alilokuwa nalo mkononi.

"Hukukosea, shemeji," alisema. "Mimi nilikuwa ndani, nasikia sauti yako. Mtu akikosea, mara nyingine hukosea kwa faida ya mwenzake. Wewe hukuteleza hata mara moja."

*

Nikarudi mjini nikaandika barua ya kukiri. Nilieleza kila kitu, kuanzia wino wa kijani hadi gari la wagonjwa, na kwa kuwa sheria ni sheria niliandika kwa Kiingereza. Mwisho nikatia mstari uliokuwa umenikaa kooni: "I have not done well." Yaani, nimetenda vibaya.

Idara ya Kusoma haikuwa na nafasi ya kurasa sita. Ilisoma mwanzo na mwisho, ikanifasiria: Mimi, Malende Kisabo, sijakamilisha kisima.

Jengo zima lilishusha pumzi. Kumbe kuna mtu! Kwa miezi kadhaa Bwana Gwimile alikuwa akiogopa kwamba siku moja mtu angeuliza vilipo vile visima, na sasa amepatikana aliyekiri kwa hiari kwamba hakuvichimba. Niliitwa mbele ya kamati. Kikao kilianza saa nne na kikaisha kabla ya chakula.

"Mtuhumiwa, ulichimba kisima Lukame?"

"Hapana."

"Unajua kwamba wananchi walikitegemea?"

"Najua."

"Na uliendelea kuishi kwenye nyumba yenye bomba?"

"Niliendelea."

"Unajionaje?"

"Naona aibu," nikasema. Karani akauliza neno hilo linaandikwaje kwa Kiingereza, wakashauriana, wakaliacha.

Nilifukuzwa kazi, nikahukumiwa kukichimba kile kisima kwa mikono yangu mwenyewe. Kile kimoja tu. Vile vitatu vingine kamati iliviacha kwenye takwimu, kwa kuwa havijalalamikiwa.

Wanawake ndio walionichagulia mahali, si kwenye mwamba, bali kwenye kona ya mto ambapo matete hubaki mabichi hata kiangazi. Walinionyesha kwa kidole wakaondoka. Mikono yangu ilikuwa ya kalamu. Siku ya pili ilikuwa imechubuka yote, siku ya tano nilichimba nikilia, si kwa toba, kwa maumivu tu. Siku ya tisa Ngasa alikuja na sururu, akashuka shimoni bila salamu. Baadaye wakaja wengine wawili, kisha wengine. Walikuja kwa ajili ya maji. Tulichimba kwa upana na kujengea mawe kila pima, ili mchanga usimwangukie mtu tena, na ilituchukua kuanzia mavuno hadi mvua za vuli. Kwenye pima ya tisa mchanga ulibadilika rangi, ukawa baridi mkononi. Maji yana chumvi kidogo. Watu hawalalamiki.

Wizara ilipopata habari ilitoa waraka kwamba, kwa kuwa kisima rasmi cha Lukame ni kile kilicho ndani ya uzio, hicho kingine hakipo. Tulifurahi sana. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kupigwa marufuku. Mama alicheka siku ile hadi akajifuta machozi, na katika kucheka akanishika bega, kisha akaliachia.

Sikurudi mjini. Nina chumba kidogo nyuma ya nyumba ya Ngasa, na nalima. Kabula hawezi kufika kisimani, kwa hiyo kila asubuhi namchotea ndoo mbili. Nazibeba begani kwa mti, maana kichwani bado sijaweza, na wanawake njiani hunipisha huku wakicheka. Nikifika naziweka mlangoni. Hujivuta kwa mikono hadi kizingitini, huchota kwa kiganja, huonja, halafu husema, "Asante, shemeji."

Siku ya kwanza nilimwomba asiseme hivyo.

"Niseme nini basi?" akaniuliza.

Nilisimama pale nikitafuta neno. Yeye alisubiri, mkono wake unadondosha maji kwenye vumbi. Nikazichukua ndoo tupu zilizokuwa mlangoni nikarudi kisimani.